Baba aliacha fidla miaka tisa kabla ya kufa. Nyimbo zake zirudiwe?

Fidla_ya_Baba (Unguja) aliuliza:

Assalaam alaykum wanajamvi, na ndugu zangu Wakristo nawasalimu pia. Miaka mingi nasoma humu bila kuandika. Leo nina jambo limenikaa kifuani, na nyumbani halizungumziki tena. Kila likianza watu wanainuka.

Baba yangu alipiga fidla katika klabu ya taarab hapa Unguja kwa miaka 31. Klabu siitaji. Hakuwa malenga, maneno waliandika wengine, yeye akitia lahani. Ninazozijua za kwake ni nyimbo sita, na tatu kati ya hizo ukizianza kwenye harusi yoyote ya Ng'ambo hapa mjini, wanawake wa umri wangu watakumalizia. Jina lake halimo popote. Redioni alikuwa akitajwa mwimbaji na klabu, basi.

Miaka tisa kabla ya kufa aliacha. Alirudi Hija, akakaa wiki mbili tatu, halafu siku moja baada ya alasiri akalifunga sanduku la fidla akalipandisha juu ya kabati la mama. Mwalimu wa klabu alipokuja kumuulizia, alimtilia kahawa, wakazungumza habari za mvua na bei ya karafuu, mwisho akamwambia: "Mimi nimemaliza. Msinisumbue nayo." Hakusema muziki ni haramu. Hakusema si haramu. Wenzake wakipita sikukuu kumpa mkono, aliwauliza kama kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, imepata nyuzi na nani anaumwa. Lakini fidla hatukuiona tena, na redio ikipiga taarab alikuwa akinyanyuka kwenda kutia udhu, hata kama wakati wa swala uko mbali.

Amefariki Mfungo Nane mwaka huu. Arubaini imeshapita, mama bado yumo edani.

Wiki iliyopita wamenijia vijana wanne, mmoja nilimsomesha skuli darasa la sita. Vijana wana adabu, sina la kuwasema. Wanatengeneza albamu ya kava, nyimbo tisa za zamani waziimbe upya, tatu ni hizo za baba. Wanataka mambo mawili. La kwanza ruhusa. La pili ndilo linaloninyima usingizi: wanataka kaseti zake. Wamesikia kwamba baba alikuwa na rekoda ndogo na akirikodi mazoezi. Wanaitaka taksim yake, ile anayopiga peke yake kabla wimbo haujaingia, waikate kwenye kaseti waiweke mwanzo wa wimbo wao, ili, kwa maneno yao, "mzee naye awemo". Halafu uzinduzi utafanywa kwenye hoteli ya watalii huko kaskazini, taksim itoke kwenye spika huku wao wamesimama kimya jukwaani.

Kaseti ziko 22, ndani ya bati la biskuti. Juu ya kila moja kaandika mwaka na jina la wimbo, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa wino wa kijani. Nimezisikiliza usiku kwa spika za masikioni ili mama asisikie. Nataka niwaeleze moja tu. Ni ya mwaka 1988, mazoezi. Wamo katikati ya wimbo, baba anashuka na fidla taratibu, na kwa mbali inaanza adhana ya Isha. Unasikia mtu mmoja anaacha, halafu mwengine, kodiani inatoa pumzi yake ya mwisho, kimya. Hakuna aliyezima rekoda. Kwa dakika nne nzima ni adhana ya msikiti wa jirani, vikombe, kiti kinaburutwa, mtu anakohoa. Ni baba, kikohozi chake nakijua. Adhana ikiisha anasikika mtu akileta dua yake kwa sauti ya chini. Halafu mtu anasema, "Haya, bismillahi," na wanaanzia pale pale walipoachia, neno lile lile.

Kijana anayetengeneza albamu nilipompigia kipande hicho alisema kizuri mno, ila adhana na vikombe wataviondoa, watabakisha fidla.

Kaka yangu, ndiye mkubwa wetu, anasema tuzichome. Hoja yake ni kwamba baba alishatubu, na kila anayeimba au kusikiliza baada yake anamuandikia dhambi kaburini. Kanisomea hadithi ya mwenye kuanzisha jambo baya. Hasemi kwa ukali. Analia akisema. Dada yetu aliyeko Dar anasema tuwape vijana kila kitu maana baba kafa bila jina. Mama hajasema neno.

Nawauliza nyinyi mnaoupenda muziki huu na mnaomuogopa Mungu: mtu aliyeacha mwenyewe, nyimbo zake zirudiwe na wengine? Na mkono wake mwenyewe, ulionaswa kabla hajaacha, upandishwe jukwaani? Miye naona ni mambo mawili mbalimbali, lakini nikiulizwa kwa nini sina jibu.


Kanuni_ya_Zamani alijibu:

Mwanangu, pole sana, Mungu amrehemu mzee. Huenda namjua. Sikuulizi.

Nianze na hilo la kava, maana vijana wanadhani limeanza juzi. Taarab tangu mwanzo inarudiwa. Tumesimuliwa Sayyid Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, akarudi nayo pamoja na nyimbo za huko. Klabu ya Ikhwan Safaa ilipoanza mwaka 1905 walikuwa wakiimba Kiarabu. Sisi wa baadaye tumekulia kwenye sahani za waimbaji wa Misri, Umm Kulthum na Abdel Wahab: unaweka sindano, mnasikiliza kipande, unainua, kila mtu anakwenda pembeni na chombo chake mpaka kikae. Mombasa wakachukua lahani za filamu za Kihindi wakatia maneno yao, na marehemu Juma Bhalo alipendwa kwa jambo hilo hilo. Bi Kidude kaimba nyimbo za Siti binti Saad mpaka kuna vijana wanaodhani ni zake.

Na Siti mwenyewe tunamsikia kwa sahani alizoanza kurikodi Bombay mwaka 1928, lakini sahani ile upande mmoja ni dakika tatu na kitu. Wimbo wa taarab hauna dakika tatu! Bashraf, kile kipande cha ufunguzi kisicho na maneno, peke yake inaweza kuzimaliza. Kilichomo kwenye sahani ni kipande kilichokatwa kikatosha. Vilivyobaki vilibebwa vichwani na watu waliokuwa wakirudia, mmoja kwa mwengine, mpaka vikatufikia. Kwa hivyo kwa upande wa kurudia, mimi nawaunga mkono vijana wako.

Lakini hilo la kaseti kwenye spika, hapana. Nitakwambia kama mpigaji. Mbele ya watu wimbo haukai mahali pamoja. Mwanamke akinyanyuka kwenda kutunza, ubeti unarudiwa. Wakinyanyuka kumi, unarudiwa mpaka noti ziishe, na yule aliyekusudiwa na maneno amekaa mstari wa mbele anatazama sakafu. Mpiga fidla anatakiwa awe hatua moja nyuma ya mwimbaji, asimtangulie wala asimuache. Taksim ndiyo kabisa, haipigwi mara mbili sawasawa. Babako siku ile ya 1988 alipiga vile kwa hali ya siku ile, kwa waliokuwepo, kwa uchovu aliokuwa nao. Ukiikata ukaitoa kila usiku hotelini namna ile ile, umekamata mkono wa mtu unaupigisha wewe. Wakitaka awemo, wakae na kaseti kama sisi tulivyokaa na sahani. Kijana wao wa fidla aimeze, halafu apige yake.

Nina ombi. Literemshe lile sanduku. Usiitoe fidla kwa pupa. Tazama nyuzi zimekazwa au zimelegea. Mtu aliyeichukia anaifunga kama ilivyo, na nyuzi zikikaa zimekazwa miaka tisa kwenye joto hili letu na chumvi hii, shingo inakuja mbele na uso unazama. Anayeitakia mema anazilegeza. Lakini hazilegezi mpaka mwisho, kwa sababu ndani mna kijiti kimesimama ambacho hakikugundishwa, kinashikiliwa na mkazo tu. Ukizilegeza zote kinaanguka. Itikise taratibu karibu na sikio. Kuna kitu kinagonga ndani? Niambie.


Besi_ya_Mwanza alijibu:

Shikamoo Mzee wa kanuni, na pole sana dada.

Mimi Mkristo, naimba besi kwaya ya usharika. Kwetu hakuna hata anayetumia neno kava. Tenzi tunazoimba kila Jumapili, lahani nyingi zimetoka Ujerumani, Uingereza na Marekani, wazee wetu wakazitia ngoma na makofi, zikawa zetu.

Ila hilo la spika limenigusa kwa jambo tuliloliona wenyewe. Tulimwalika mwimbaji wa injili mwenye jina, sitamtaja. Akapanda na sidii yake, sidii inaimba, yeye anafungua mdomo. Katikati ya wimbo wa kuabudu umeme ukakatika. Sauti ikazimika pamoja na taa, akabaki kashika maiki. Hakuna aliyecheka, kulikuwa na huzuni mle ndani. Kisha bibi mmoja wa benchi la nyuma akaudaka wimbo pale pale ulipoishia, kanisa zima likaingia. Nimeimba miaka 20, sijawahi kusikia sauti nne zikikaa vile, gizani, bila kinanda. Kile kipande cha adhana na "haya, bismillahi" kimenikumbusha usiku ule. Tafadhali wasikikate.


Msomeshaji_wa_Chuo alijibu:

Wa alaykumus salaam. Nasomesha watoto chuo, mimi si mufti, nasema nilivyosomeshwa. Taarab siisikilizi. Wapigaji wake ni majirani zangu, tunazikana.

Dada yangu, kwanza kaka yako usimuone mkali. Anamuogopea baba yake, na hadithi aliyokusomea ni sahihi, imo katika Muslim. Lakini hadithi hiyo inamhusu aliyeanzisha jambo na akaondoka duniani analikubali. Nilivyosomeshwa, aliyetubia na akajitoa kwa kitendo, toba yake imefuta, na Mwenyezi Mungu anasema katika Qur'ani hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwengine. Watakaoimba leo wana hesabu yao wenyewe. Msimlaze baba yenu kaburini mkiwa na dhana kwamba kila redio inayowashwa Darajani inamchoma.

Kuhusu hukumu yenyewe, wanavyuoni wamekhitilafiana na kukhitilafiana kwao ni kwa zamani. Wengi waliokataza wanategemea hadithi iliyomo katika Bukhari inayotaja zana za muziki pamoja na zinaa, hariri na ulevi. Ibn Hazm wa Andalusia aliitia kasoro silsila yake, yaani mlolongo wa wapokezi. Ghazali katika kitabu chake Ihya kaeleza kwa kirefu kwamba hukumu inafuata hali ya msikilizaji na kinachosikilizwa. Na ipo hadithi ya vijakazi wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Iddi, Sayyidna Abubakar akawakemea, Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache, kila watu wana sikukuu yao na hii ni sikukuu yetu. Mimi nimeegemea kwa wanaokataza zana za nyuzi, sifichi. Lakini siwezi kumwambia mtu hakuna kauli nyengine wakati ipo na nimeisoma.

Jambo ambalo sijaona mtu akiligusa: kaseti na fidla ni mali ya mirathi. Mama yenu ana thumni, yaani fungu moja katika manane, kilichobaki mnagawana, na kaka yenu ana fungu la wanawake wawili. Kwa hivyo kaka hana haki ya kuzichoma peke yake, na wewe huna haki ya kuwapa vijana peke yako. Mkae, mkubaliane, na mama awepo.

Na hoteli yenye pombe, hilo hata bila ya elimu. Mtu alikuwa akinyanyuka kutia udhu akisikia taarab redioni. Unakwenda kumsimamisha pale?


Mpemba_wa_Muscat alijibu:

Nipo Muscat mwaka wa 14 sasa, taarab naisikiliza garini nikienda kazini na nikirudi, siku ya joto kali ndio inanifikisha nyumbani.

Kuhusu kava: kuna albamu ya mwaka 2020 ya Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, kaimba nyimbo za bibi yake mkuu. Mle ndani mna udi na mna milio ya kisasa ambayo mwanzo iliniudhi. Nilizima. Nikarudia baada ya mwezi, na nilichokuja kukipenda ni kwamba hakujaribu kuwa yule bibi. Kaimba kwa koo lake mwenyewe. Hiyo ndiyo kava ninayoitaka, kuliko zile za harusini ambapo mwimbaji anaiga hadi kikohozi cha marehemu.

Kuhusu kuacha: mwaka 2016 Mzee Yussuf wa Jahazi Modern Taarab alitangaza kuacha muziki kwa ajili ya dini, na baadaye alirudi. Watu wakasema mengi, mimi sikuwa miongoni mwao. Na yupo Yusuf Islam wa Uingereza, yule aliyekuwa Cat Stevens. Alisilimu 1977, akaliacha jukwaa, magitaa yake yakauzwa pesa zikaenda kwenye mambo ya kheri. Kwa miaka akitoa kaswida za ngoma tu bila nyuzi. Mwaka 2006 akarudi na gitaa, na mwaka 2020 akairikodi upya albamu yake ile ile ya mwaka 1970, mzee anaimba alivyoimba akiwa kijana. Kava ya nafsi yake.

Nimewataja hawa kwa sababu moja. Wote wawili walikuwa hai. Waliacha wenyewe, wakarudi wenyewe, kila mmoja akatoa sababu zake kwa mdomo wake. Baba wa dada yetu neno lake la mwisho ni "nimemaliza", na hawezi tena kuliongeza wala kulipunguza. Kuziimba nyimbo ni kazi ya waimbaji. Kuuchukua mkono wake ukaupandisha jukwaani ni kumrudisha ambaye hakurudi. Naona ndiyo tofauti uliyokuwa ukiitafuta.


Fidla_ya_Baba aliandika tena:

Nimewasoma wote, nimesoma mara mbili. Mpemba wa Muscat, umenisemea nilichoshindwa kusema.

Mzee wangu wa kanuni, nimefanya ulivyoniambia. Sanduku liko chumbani kwa mama, kwa hivyo ilibidi nimuombe. Alikuwa amekaa kitandani na tasbihi. Hakuuliza kwa nini, akasogea tu ili nipate pa kuliweka.

Nyuzi zimelegea. Si kulegea kwa kuning'inia, ukizigusa zinatoa sauti ya chini sana, kama mtu anayesema usingizini. Nimeitikisa karibu na sikio kama ulivyosema. Hakuna kinachogonga. Imefungwa kwa kipande cha kanzu kuukuu, kile kijibao kinachoinua nyuzi kimesimama wima na chini yake katia kitambaa. Nywele za uta zimeliwa na wadudu, zimebaki tatu nne. Na pembeni, pale alipokuwa akiweka lile donge la kupakia uta, kuna kifuko cha leso kimejaa karafuu.

Nilikifungua. Mzee wangu, zilinipanda puani. Kila mtu wa hapa anajua karafuu za miaka tisa hazinuki hivyo. Nikamtazama mama. Akasema, "Hizo za mwaka jana. Kila msimu akibadilisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtafutia." Nikamuuliza kama alikuwa akipiga. Akasema hapana, hata mara moja, haki ya Mungu. Alikuwa akiliteremsha watu wakiwa wametoka, anabadilisha karafuu, anapangusa, anagusa nyuzi kwa kidole, anafunga. "Basi," akasema mama, "na wewe lifunge."

Nimelifunga. Nimekaa chini pale pale miguuni kwake mpaka Magharibi.


Msomeshaji_wa_Chuo alijibu:

Mungu amrehemu. Karafuu haziwezi kuwa hoja ya kisharia, dada, usimwambie kaka yako kwamba ni hoja. Lakini mweleze kama ulivyotueleza sisi. Ni haki yake kujua habari za baba yake.


Kanuni_ya_Zamani alijibu:

Nywele za uta zisikusumbue, ni kitu cha kubadilishwa, hata anayepiga kila siku anazibadilisha. Mwili wa fidla ndio usiorudi, na huo kautunza.

Sasa namjua ni nani. Kitambaa chini ya kile kijibao nilimuonesha mimi. Nitakuja kumpa mama yako mkono akitoka eda, inshaallah.


Fidla_ya_Baba aliandika tena:

Tumekaa jana, kaka, mimi, mama, na dada kwa simu. Nawapa majibu maana mmenibeba.

Kaka nilimueleza habari za karafuu bila kuongeza neno. Alinyamaza muda, akaomba alishike lile sanduku. Hajabadilisha msimamo wake juu ya muziki na sikumtaka abadilishe. Kaseti hazichomwi. Hazitoki nyumbani pia, hazikatwi, hazipandi jukwaani. Hilo tumekubaliana sote wanne, na dada wa Dar kalia kidogo halafu kakubali.

Nyimbo tatu wataziimba. Jina la baba litaandikwa kwenye albamu kwamba lahani ni yake, na nitakwenda COSOZA, ofisi ya hakimiliki hapa Zanzibar, kuuliza namna ya kuziandikisha, maana nimegundua hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Hotelini hawataziimba hizo tatu. Wataziimba klabuni, usiku wa wenyewe. Nilidhani watanuna. Yule niliyemsomesha alisema, "Mwalimu, tungeliuliza mapema."

Kijana wao wa fidla atakuja kusikiliza nyumbani, kwa masikio, kama Mzee wa kanuni alivyoelekeza. Mama anatoka eda tarehe 19 Ramadhani, na Ramadhani hapigi mtu, kwa hivyo ni baada ya sikukuu. Kijana huyo aliniuliza kama tutaipeleka mbele kaseti ikifika kwenye adhana. Nimemwambia hapana, tutakaa.

Nina tatizo moja limebaki. Deki yangu imeanza kuvuta utepe, na ile ya 1988 juzi ilikwaruza pale pale mwishoni mwa taksim. Kama kuna anayemjua fundi wa deki za kaseti hapa mjini, mtu mwenye mkono mwepesi, naomba anitumie ujumbe.